Mkono Uliomlisha Askari

Baba alikufa na njaa. Naliweka neno hili mbele kwa sababu waliokuja msibani walisema mengine. Walisema uzee, walisema presha, walisema ameitwa na mkewe, na daktari naye aliandika jina refu kwenye karatasi ambayo mdogo wangu Elia ameihifadhi ndani ya Biblia. Lakini mimi nilikuwapo siku kumi na mbili za mwisho, na nilichokiona ni mzee anayefunga midomo. Mama alikuwa amemtangulia kwa miezi mitano. Tangu tulipomzika Mama, Baba alianza kukataa chakula, kwanza cha jioni, kisha cha mchana, mwisho hata chai. Elia, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi naye, alinipigia simu Morogoro akasema, “Dada, njoo wewe. Wewe ni nesi, labda kwako atakula.” Nikaja na ujuzi wangu wote. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka ishirini na sita, nimewalisha watu waliokatwa mikono, waliopooza, waliotaka kufa na wakabadili mawazo baada ya kijiko cha tatu. Nikampikia uji wa ulezi, supu ya kuku wa kienyeji, mlenda na ugali laini. Niliketi kwenye kiti cha Mama, mgongo wangu ukiegemea kabati la nguo zake ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kulifungua, nikajaza kijiko, nikapuliza, nikakipeleka. Baba alikinusa kile kijiko, akatazama nyuma ya bega langu kana kwamba kuna mtu mwingine anayekuja, kisha akageukia ukuta. Siku ya tisa nilikasirika nikamuuliza anataka nifanye nini. Alinitazama kwa upole tu, kama mtu anayemwonea huruma mgeni aliyepotea njia.

Siku ya tatu ya matanga, wanawake wakiwa wamekaa kwenye mikeka ndani wakichambua mchele, Mama Hawa alinivuta pembeni. Mama Hawa ni jirani yetu wa ng'ambo ya ua wa minyaa tangu mtaa wetu wa Area D, hapa Dodoma, ulipokuwa viwanja na vigingi. Sasa ni bibi kizee, magoti hayamtii, lakini masikio yake na ulimi wake bado ni vya ujana. Alitaka kujua kama ni kweli Baba alikuwa akigeuza uso. Nikamwambia ni kweli. Akapangusa unga wa mchele viganjani, kisha akaniuliza kama ninamkumbuka Askari. Nilimwambia namkumbuka. Ningemsahau vipi? Kwa ajili ya mbwa yule nilimnunia baba yangu kwa zaidi ya miaka thelathini.

Ulikuwa mwaka Baba alipopunguzwa kazini. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yalipojaa sabuni na watu wakawa hawana kazi; miaka michache kabla ya hapo watu walikuwa na kazi na maduka hayana sabuni. Baba alikuwa mtunza stoo wa shirika moja la umma kwa miaka kumi na tisa, na siku alipoletewa barua alirudi nyumbani na koti lake la kaki mkononi, akalitundika kwenye msumari wa sebuleni, na halikuondoka hapo tena. Walipompa kiinua mgongo alifanya kama walivyofanya wenzake wote: alinunua bidhaa soko la Majengo, akatoa makochi sebuleni, akapiga rafu, akafungua dirisha kwa nje, tukawa na duka. Nyumba yetu haikuwa imepigwa lipu, wala haikuwa na dari, na kuanzia siku hiyo tulilala, tukala na kusali katikati ya harufu ya sabuni ya mche na mafuta ya taa. Lakini Baba hakujua kuuza. Alijua kutunza. Kwake yeye stoo nzuri ilikuwa stoo iliyojaa, na kila mteja alikuwa mtu aliyekuja kuipunguza. Ukimwomba mche mzima wa sabuni alikuuliza mko wangapi nyumbani, kisha akakushauri uchukue nusu. Sukari aliipima kwa uchungu. Jioni alisimama mbele ya rafu akitazama mapengo, na Mama, ambaye ndiye aliyetulisha kwa karanga za kukaanga alizouza Majengo kutwa nzima, alikuwa akimtania kwamba yeye ndiye mwenye duka pekee Dodoma anayefurahi wateja wasipokuja. Tulicheka mwanzoni. Baba naye alicheka, akikuna kidevu.

Aliogopa wezi. Kila mtu aliogopa wezi mwaka ule, kwa maana ghafla watu walikuwa na vitu: redio kaseti, baiskeli mpya, viatu vya mitumba vinavyoonekana vipya. Mwishoni mwa masika alikuja Mzee Ndahani, mfugaji wa Kigogo aliyekuwa akileta magunia ya mtama stooni enzi za shirika, ambaye aliendelea kutuamkua hata baada ya Baba kukosa cheo cha kuamkuliwa. Alisema mbukwa, salamu ya kwao, akiwa bado nje ya ua, akaegesha baiskeli, akafungua mfuko wa gunia uliokuwa kwenye keria, na ndani yake kulikuwa na mtoto wa mbwa mwenye rangi ya ugali wa mtama, macho yamejaa tongo, tumbo limevimba kwa minyoo. Hakutaka hela. Alisema mbwa hatolewi bure, kwa sababu wa bure hutoroka au hufa, akaomba chumvi, na Baba akamkatia kipakiti kwenye rafu kwa uchungu ule ule. Kisha mzee akachuchumaa akatoa masharti, polepole, kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno.

“Mbwa wa boma alishwe na mkono mmoja,” alisema. “Mikono miwili, huyo ni mbwa wa mwizi. Mwizi akileta nyama atakula. Mkono mmoja tu. Na uwe mkono wa mtu asiyehama.”

Kwake, alieleza, mkono huo ulikuwa wa mkewe mkubwa, aliyekuwa bomani tangu alipoolewa na angezikwa hapo hapo. Baba alisikiliza sharti la kwanza kwa makini sana; lile la mwisho sijui kama lilimfikia. Mama alikuwa Majengo kutwa. Elia alikuwa na miaka sita. Yeye mwenyewe hakuona kama ni heshima kwa mtu aliyewahi kuwa na wasaidizi wanne kumkorogea mbwa ugali. Akanitazama mimi, msichana wa darasa la saba, akasema, “Mama, mkono ni wako.” Baba aliniita mama kwa kuwa nilirithi jina la mamaye, Debora. Akampa mbwa jina papo hapo, Askari, na yule Askari akajikojolea kwenye miguu ya Mzee Ndahani.

Sikuwahi kuwa na kitu changu peke yangu kabla ya hapo, na sitajifanya kwamba lile jukumu lilikuwa mzigo. Nililipenda. Wiki ya kwanza hakujua kunywa kwenye chombo. Nilichovya kidole kwenye uji wa uwele akakinyonya, na meno yake yalikuwa kama miiba ya mchongoma. Nilimtoa kupe kwa mafuta ya taa, nikamwogesha maji ya mwarobaini, nikamwekea gunia ndani ya kasha la mbao ambalo Baba alilitengeneza nyuma ya jiko. Chakula chake kilikuwa ukoko wa ugali nilioulainisha kwa mchuzi wa vichwa vya dagaa, ndani ya bakuli la bati lililobabuka rangi. Nilimpa asubuhi kabla ya shule na jioni nikirudi, nikimwita kwa sauti nyembamba, “Aska, Aska, Aska,” na alikuja akijikwaa kwa haraka. Asubuhi za baridi ya Juni alijipenyeza chini ya sweta langu la shule, lile la bluu, akalala hapo hadi nilipomwondoa kwa nguvu, na darasani wenzangu waliziba pua. Mama Hawa, ambaye kwa dini yake mate ya mbwa ni najisi, alikataa kupokea hata chumvi kutoka mkononi mwangu mpaka ninawe mbele yake, lakini hakuacha kuchungulia juu ya minyaa kuuliza mtoto ameamkaje.

Baba aliongeza masharti yake ya mjini. Mchana mbwa afungiwe ndani ya kasha na lifunikwe, asizoee sura za watu. Ugali wake uwekwe pilipili kichaa, ili awe mkali. Hili nililikubali kwa mdomo, na pilipili nikazifukia chini ya mpapai. Kubwa zaidi lilikuwa mtihani wa Jumamosi. Kila Jumamosi Elia alitumwa ampe Askari kipande cha mfupa, na Askari akikipokea, Baba alimchapa puani kwa kijiti. “Samaki mkunje angali mbichi,” alisema. Jumamosi ya kwanza mbwa alipokea na akachapwa. Ya pili vilevile. Jumamosi ya tatu Baba alikuwa na mteja dirishani, akanipa kile kijiti mimi. Elia alinyoosha mfupa, Askari akanitazama kwanza, kisha akaumega kidogo tu, kwa ncha ya meno, na mimi nikamchapa. Nilimchapa kweli. Nilifanya hivyo kwa sababu nilitaka awe wangu na si wa Elia. Hakuwahi kupokea tena kitu kwa mtu mwingine. Ilipofika mwezi wa nane ungeweza kumwekea paja la mbuzi mbele yake akaliangalia tu huku mate yakimdondoka, akisubiri mkono wangu uliguse. Baba aliwaita watu waje kushuhudia. Ilikuwa fahari yake pekee mwaka ule.

Kwa kuwa nyumba haikuwa na dari, maneno ya chumba kimoja yalipita juu ya ukuta yakaingia chumba cha pili. Jioni moja baada ya kula, mimi nikisoma kwa kibatari kwa ajili ya mtihani wa mwisho, nilimsikia Mama akisema kwamba jambo la yule mbwa halimpendezi. Alisema mkono mmoja ni mzuri kama upo.

“Siku Debora akiondoka itakuwaje?” aliuliza.

“Ataondoka kwenda wapi?” Baba alijibu.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeuliza mvua itatoka wapi mwezi wa saba. Shule yetu ilikuwa na watoto zaidi ya mia darasa la saba, na mwaka uliotangulia waliochaguliwa kwenda sekondari hawakufika hata kumi. Nilikaa na daftari langu magotini, sikulia, lakini toka pale nilisoma kwa hasira. Nadhani ile hasira ndiyo iliyonipasisha. Na Mama hakuishia hapo. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Majengo, mwenye ghala la nafaka, aliyemjua Baba na kumtaka aje amtunzie. Kazi ilikuwa ile ile, magunia yale yale, funguo kiunoni. Baba alikataa mara mbili. Alisema hajafikia kumtunzia mtu binafsi mali yake. Mama alimwambia, na hili nalo lilipita juu ya ukuta, “Baba Debora, aliyekulisha amekufa. Kula basi kwa mwingine.” Kesho yake Baba alishinda ameketi karibu na lile koti la kaki akisikiliza redio, akingoja taarifa kwamba mashirika yatafufuliwa.

Kiangazi kilikuja na upepo wake. Vumbi jekundu liliingia dukani likajaa kwenye rafu kuliko bidhaa. Pengo la kilichouzwa halikujazwa, kwa sababu hela yake iliingia kwenye sufuria yetu, na ilipofika Novemba dukani kulikuwa na viberiti, viberiti vingine, na chumvi iliyoganda. Askari sasa alikuwa mbwa mzima, kifua kipana, akizunguka nyumba na kubweka kwa bidii. Hakuna mwizi aliyekuja. Mama Hawa alisema wezi wana akili, hawaendi mahali ambapo watamhurumia mwenyeji mpaka wamwachie msaada. Tulicheka tena, ila Baba hakucheka, na nilimwona akimtazama mbwa kwa namna ambayo sikuipenda, kama anayetazama mtu wa kazi ambaye itabidi apewe barua.

Majina yalibandikwa kwenye ukuta wa shule baada ya Krismasi. Langu lilikuwa la tano: shule ya bweni ya wasichana, upande wa Singida. Baba alikwenda kulisoma mwenyewe mara mbili. Aliporudi alinishika mkono, ule wa kulia, akautikisa kama anavyofanya mkubwa wa kazi, kisha akaenda nyuma ya jiko akasimama mbele ya kasha la Askari kwa muda mrefu. Tulikuwa na wiki tatu. Tukaanza kumfundisha mkono wa Mama. Mama alishika bakuli nami nikasimama karibu, Askari akala. Nikasogea hatua tano. Alikula huku ananitazama. Nikajificha nyuma ya minyaa. Aliacha bakuli, akaja kunitafuta. Tukamjaribu kwa Elia, akarudi nyuma akalaza masikio, akingoja kuchapwa. Baba alitupa kijiti juu ya paa, lakini mbwa hakujua kwamba kijiti kimetupwa. Siku mbili za mwisho tuliacha kujaribu. Asubuhi ya safari mvua ilikuwa inanyesha, na Baba, akiwa amebeba sanduku langu la bati kichwani kwenda stendi, aliniambia bila mimi kumuuliza.

“Usihuzunike. Mwenye njaa hana miiko. Siku mbili tatu, atakula.”

Nililiacha sweta la bluu msumarini, kwa kuwa shule mpya ilitaka la kijani. Kabla ya kutoka nilimlisha Askari kwa mara ya mwisho, nikamwambia asiwe mjinga. Alilamba bakuli mpaka likasogea ukutani.

Barua ya kwanza ya Baba ilifika baada ya mwezi, kwa mwandiko wake wa stoo, herufi zimesimama kwenye foleni. Ilisema mahindi yameota, Elia ameanza shule, Askari hajambo na anakula vizuri. Ya pili ilisema hivyo hivyo. Niliwasomea wenzangu bwenini, nikiwaeleza juu ya mbwa wangu asiyepokea chakula kwa mtu, nikajisikia mtu mwenye kitu nyumbani. Likizo ya Juni nilishuka kwenye basi na mifupa ya nyama ya shule niliyoikausha na kuifunga kwenye gazeti. Nilimwita nikiwa bado njiani, na nyumba ilikuwa kimya. Kasha halikuwapo. Baba alikuwa ameketi mlangoni, amekonda.

“Askari ameibiwa,” alisema.

“Haibiwi,” nilimwambia. “Umemuuza.”

Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumjibu mzazi wangu hivyo. Nilimsubiri anipige, hakunipiga. Aliangalia mikono yake akasema, “Basi.” Jioni nilitafuta sweta langu, kulikuwa na baridi, Mama akasema limeliwa na mchwa, akaenda kukoroga kitu jikoni ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Nikaona wote ni waongo, ila Mama nilimsamehe kwa sababu ni Mama. Baba sikumsamehe. Sikujibu barua zake muhula ule wote. Nilipomaliza niliomba chuo cha mbali, nikapata kazi mbali, nikaolewa mbali. Nilileta hela, nilileta wajukuu Krismasi, nilimpa shikamoo yake kila nilipofika, na sikuwahi kuketi naye peke yetu kwa hiari. Naye hakurudi tena kazini, kwa mtu wala kwa serikali. Mama alimlisha kwa karanga zake miaka yote ile, mkononi mwake, hadi alipokufa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni Mama Hawa aliponiuliza kama ninamkumbuka Askari. Aliniapisha kwanza kwamba sitamkasirikia marehemu. Kisha akaniambia kwamba mbwa hakuibiwa. Siku ya kwanza hakula, na ya pili hakula. Walibadilisha mikono yote ya nyumba. Mama alijaribu, Elia alijaribu akilia, mpaka Mama Hawa mwenyewe, na dini yake, aliweka utumbo wa kuku kwenye koleo akaunyoosha kupitia minyaa. Siku ya nne akamwona Baba ametoka nyuma ya jiko.

“Amevaa sweta lako, mwanangu. Mkono mmoja, wa kulia. Sweta la mtoto, likamwishia hapa kwenye kiwiko. Amepiga magoti chini, ameshika bakuli kwa mkono ule, anamwita. Anamwita kwa sauti yako, ile nyembamba. Aska, Aska. Mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Niliingia ndani nikacheka. Kesho yake alikuwa pale tena, sikucheka.”

Nikamuuliza mbwa alifanyaje.

“Alikuja. Alinusa lile sweta, akatikisa mkia. Kisha akaangalia nyuma ya baba yako, kukutafuta. Alipoona hupo akaenda kulala. Baba yako alifanya hivyo asubuhi na jioni, mpaka mbwa alipoacha kuinuka. Akamzika pale penye mpapai, na sweta lenyewe.”

Kwa nini hamkuniambia, nilimuuliza. Alisema Baba aliwaapisha wote watatu, hata mtoto Elia, kwa sababu nikijua nitaacha shule nirudi. Na ningerudi. Namjua yule msichana. Angepanda basi siku hiyo hiyo, na leo nisingekuwa nesi wa kumshikia mtu yeyote kijiko. Baba alikubali kuwa mwizi wa mbwa wangu miaka yote ile ili mimi nibaki darasani, na mimi nikamlipa kwa kumpa mkono mkavu na kuuliza hali ya hewa. Sasa hakuna wa kumwomba radhi. Watu msibani huniambia kwamba marehemu anasikia. Nimeshuhudia wengi wakifa, na sioni wanachosikia.

Nilimwacha Mama Hawa na mchele wake, nikaingia chumbani kwa Baba. Kitanda kilikuwa kimevuliwa shuka. Niliketi kwenye kile kiti cha Mama, ambapo nilikaa siku kumi na mbili na vijiko vyangu, na kabati lilikuwa pale pale nyuma ya mgongo wangu. Nikalifungua. Kanga ya juu kabisa ilikuwa ile ya kahawia aliyovaa kwenda Majengo, na ilikuwa bado ina harufu yake, moshi na karanga. Mtu aliyekosa kazi, asiyejua hata kuuza sabuni, aliwaza jambo hilo, kuvaa nguo ya aliyeondoka, kwa ajili ya mbwa. Mimi sikuliwaza kwa ajili yake, na lilikuwa umbali wa kunyoosha mkono tu. Nilijifunga ile kanga, nikakaa.